Mlima Mulanje, Malawi: nimeenda mara mbili, Sapitwa nimefika mara moja

Wadau habari zenu. Kila kiangazi kikianza watu hapa Mbeya wanaulizana tupande wapi mwaka huu, Rungwe tumeshapanda, Kilimanjaro hela haijatimia, basi ngoja leo niwape ya Mulanje, kule kusini kabisa mwa Malawi, mlima wa mawe ambao kilele chake Sapitwa kina mita 3,002 na ndio kirefu kuliko vyote nchini kwao. Nimeenda mara mbili, Juni 2022 na Septemba 2025. Mara ya kwanza nilirudishwa njiani, mara ya pili nikafika juu, na mwongozaji aliyenirudisha ndiye huyohuyo aliyenifikisha, kwa hiyo kama ni kutoa nyota basi nyota zote tano naanza kumpa yeye, mengine yatafuata.

Niseme kwanza mimi mawe nimeyazoea. Nimezaliwa Mwanza, nyumba yetu ilikuwa imeegemea jiwe, nguo tunaanika kwenye jiwe, dagaa wanaanikwa kwenye jiwe, utoto wote tumecheza juu ya jiwe. Lakini siku ile nashuka kwenye minibasi pale Chitakale nikainua macho, nikanyamaza. Chukua mawe yote ya Mwanza uyaunganishe yawe kitu kimoja halafu ukisimamishe katikati ya mashamba ya chai, ndo Mulanje hiyo. Chini pametulia kabisa, chai ya kijani, akina mama wanauza mananasi barabarani (mananasi ya Mulanje matamu jamani, msipite bila kununua), halafu ghafla ukuta wa kijivu umepanda mpaka kwenye mawingu, hakuna vilima vidogo vya kukuandaa wala nini.

Sababu ni kwamba huu sio mlima wa volkano kama Rungwe wetu. Ni uji wa moto uliopanda kutoka chini miaka kama milioni 130 iliyopita ukapoa ukiwa bado humohumo ardhini, ukawa graniti na nduguye sayenaiti, halafu mawe laini yaliyouzunguka yakaliwa na mvua kidogokidogo mpaka lile gumu likabaki limesimama lenyewe. Ndo maana kingo zake ziko wima vile, na ukishapanda ukingo unakuta juu kuna tambarare kubwa zenye majani na mito, na kwenye hizo tambarare ndo vilele vinachomoza tena, vingi tu, mlima mzima una kama kilomita za mraba 650. Kwa hiyo mjue mapema, Mulanje unapandwa mara mbili: kwanza unapanda ukuta mpaka tambarare unalala kwenye kibanda, halafu kesho yake ndo unaanza habari ya kilele. Wanaosema ni mita elfu tatu tu unaenda na kurudi siku moja msiwasikilize.

Safari ya kutoka Mbeya ni ndefu ila haina ugumu. Kasumulu unagonga mhuri, Mtanzania viza huhitaji, unaingia Karonga, Mzuzu, Lilongwe, Blantyre, mimi nilikatisha Lilongwe nikalala maana mgongo ulikuwa umekataa. Kutoka Limbe mpaka Mulanje ni kama kilomita 65 hivi kwa minibasi, ukipita ya Thyolo utadhani uko Tukuyu, chai mwanzo mwisho. Pale Chitakale unachukua kabaza, ndo wanavyoita bodaboda zao, kama kilomita 10 hivi mpaka Likhubula kwenye ofisi ya misitu. Hapo unajiandikisha, unalipia kiingilio na vibanda, unachukua mwongozaji na mpagazi. Chenji ya kwacha bebeni ya kutosha na msikariri bei ya mtu aliyeenda mwaka juzi, maana kwacha ilishushwa thamani asilimia 44 kwa mpigo Novemba 2023 na toka hapo bei zinapanda panda, niliyolipa Septemba haikufanana kabisa na ile ya Juni 2022. Hata hivyo ukijumlisha kiingilio, kibanda, mwongozaji, mpagazi na chakula nilichobeba mwenyewe bado ni hela ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuikusanya miezi michache.

Sasa Juni 2022. Niliingia bila kujua kitu kinaitwa chiperoni. Chiperoni ni ukungu na manyunyu ya baridi yanayokuja kutoka upande wa Msumbiji, yamepewa jina la mlima mmoja wa huko, yanapiga zaidi kati ya Mei na Julai na yakitua yanaweza kukaa siku tatu nne hayajaondoka. Sisi Mbeya Juni ni baridi lakini jua lipo, nikajua na wao hivyohivyo. Siku ya kwanza tulipanda kwa njia ya Skyline kwenda bonde la Chambe, masaa manne, njia imesimama kweli, magoti yanakaribia kidevu, ila hali ya hewa ilikuwa safi na nikajiona shujaa. Kibandani Chambe jioni ule mwamba wa Chambe uko mbele yako unabadilika rangi, wa kijivu, wa dhahabu, wa zambarau, nilikaa barazani mpaka giza. Upande wake wa magharibi kuna ukuta ambao wapandaji wa kamba wanautaja kati ya mirefu kabisa Afrika, mimi wa kamba siwezi, kuuangalia kulinitosha.

Siku ya pili tukahamia kibanda cha Chisepo, ndo kibanda cha chini ya Sapitwa. Usiku ukungu ukatua. Asubuhi mwongozaji wangu alitoka nje akasimama muda mrefu anaangalia juu, akaweka mkono kwenye jiwe, akarudi akasema tujaribu lakini nikisema basi iwe basi. Nikasema sawa, unajua mtu anavyosema sawa akiwa hajasikiliza.

Njia ya Sapitwa kutoka Chisepo haina udongo. Unaanza moja kwa moja kwenye bamba la graniti, limelala kama bati la nyumba ila refu, unalipanda kwa nyayo tu, hakuna cha kushika, na mishale myekundu ya rangi imechorwa juu ya jiwe inakuonyesha pa kupita. Ukimaliza mabamba unaingia kwenye majabali yaliyorundikana, mengine makubwa kuliko lori, katikati majani na vichaka, kuna sehemu unapita chini ya jabali kwa kutambaa na begi unalisukuma mbele. Graniti ikiwa kavu ni rafiki, punje zake ni kubwa na zinakwaruza, kiatu kinashika utadhani kimegundishwa. Ikilowa ni sabuni. Na hapo ndo nilipofundishwa kitu ambacho mtoto wa Mwanza nilitakiwa nikijue: angalia rangi ya jiwe. Ile michirizi myeusi inayoshuka kwenye bamba ndo njia za maji, ina uteute wa mimea midogo, hapo hata pakionekana pakavu usikanyage, kanyaga palipo na rangi ya kijivu cheupe na penye ukwaruzo. Alikuwa ananionyesha kwa fimbo, hapa ndiyo, hapa hapana, hapa hapana, na mimi nafuata.

Tulienda hivyo kama masaa mawili. Manyunyu yakaongezeka. Tukafika kwenye bamba moja nikaona lote limegeuka jeusi, maji yanatiririka juu yake kama karatasi nyembamba, mshale mwekundu uko palee ng'ambo. Jamaa akasimama akasema kwa Kichewa, "Mvula. Basi, achimwene." Mvula ni mvua, achimwene ni kaka, sikuhitaji mkalimani. Nikamwambia bro tumebakiza kidogo, akasema ndiyo tumebakiza saa moja, na kurudi ni masaa matatu juu ya jiwe limelowa. Nikamwambia nitamwongezea hela. Akatabasamu akasema "pepani", yaani pole, akageuka akaanza kushuka. Nilikasirika sana, sitaficha, nimetoka Mbeya siku mbili kwenye basi, likizo yenyewe ya kuomba, halafu mtu ananigeuza saa moja kabla. Kushuka nilianguka mara tatu, mara ya tatu niliteleza kama urefu wa chumba nikasimamishwa na kichaka, kiwiko kimechunika, soli ya kiatu cha kulia imebanduka mbele inapiga piga kama mdomo. Nilipokaa pale kwenye kichaka hasira ikaisha yote. Kama ingekuwa juu zaidi, kwenye yale mabamba marefu, hakuna kichaka cha kunishika.

Jioni yake karibu na moto akanieleza jina. Sapitwa kwa Kichewa ni mahali hapapitwi. Na sisi tunaosema Kiswahili tunalisikia kabisa, pita ni pita kwao na kwetu. Nikacheka peke yangu, mlima umejiandika jina na mimi nabishana. Ukungu ulikaa siku nne, tulishuka Likhubula bila kuona kitu zaidi ya miguu yetu.

Viatu sasa, maana hili linaokoa mtu. Vile vya Juni nilinunua duka moja nikaambiwa ni vya mlimani orijino, soli ngumu, meno makubwa, vinapendeza. Kwenye graniti soli ngumu haifai, mpira mgumu hauumi jiwe. Mara ya pili nilivaa raba za kawaida zenye soli laini, tena za mtumba, nilizipata nikazijaribu kwanza kwenye mwamba nilipoenda nyumbani Mwanza, napanda nashuka mpaka majirani wakauliza. Zimenipeleka Sapitwa na kunirudisha. Kama hujui kiatu chako, tafuta jiwe lililoinama ulipande nacho kabla hujapanda basi.

Vibanda: nimelala vitatu, na nawaambia kwa moyo mweupe ndo kitu kinachofanya Mulanje iwe tofauti. Ni nyumba za mbao zenye baraza na sehemu ya kuwasha moto ndani, na kila kimoja kina mlinzi wake anayekaa pale juu. Unafika umeloa, yeye ameshapasua kuni, anakuwekea ndoo ya maji ya moto ukaoge. Ndoo ya maji ya moto mita elfu mbili na zaidi, kwenye ukungu ule! Chakula beba mwenyewe, nilibeba unga, dagaa, karanga, majani ya chai, na nsima yao ni ugali wetu tu ila laini zaidi. Mablanketi au begi la kulalia beba pia, usitegemee cha pale. Kasoro ipo, kibanda kimoja dirisha lilikuwa halifungi na upepo ulipita usiku kucha, kingine tulikuta kundi la watu wameacha makopo na mifuko ya plastiki nyuma ya choo, mlinzi ndo anabeba mgongoni kushusha. Jamani ulichopanda nacho shuka nacho.

Na wapagazi. Mimi mizigo yangu ilikuwa kilo kumi na tano hivi, mpagazi kaibeba kavaa kandambili, anapita kwenye jiwe kama anaenda dukani. Wana mashindano yao ya mbio kila mwaka, zaidi ya kilomita 20, kutoka Likhubula kupanda tambarare na kushuka, njia ileile niliyopanda mimi kwa masaa manne nimekufa. Njiani tulikuwa tunapishana na watu wanashusha mbao kichwani, mbao ndefu, wanakimbia nusu nusu kwenye ule mteremko. Mpeni mpagazi bakshishi yake mkononi, na mpeni chakula cha moto anachokula mwongozaji, nimeona makundi mpagazi analala amekula mkate.

Septemba 2025 nilirudi kwa mwongozaji huyohuyo, namba yake nilikuwa nayo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni makovu. Kwenye kingo za mlima kulikuwa na michirizi mikubwa ya rangi nyekundu na mawe, sehemu ambazo 2022 zilikuwa kijani. Ni kimbunga Freddy, Machi 2023, mvua ilinyesha siku mfululizo udongo ukaachia jiwe ukashuka na majabali yakashuka juu ya vijiji vya Mulanje na Phalombe usiku. Malawi nzima walikufa watu zaidi ya 600 na mamia wengine hawajaonekana mpaka leo. Jamaa akanionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na nyumba, sasa ni mawe tu, mengine makubwa kama nyumba zenyewe. Alinionyesha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, tukaendelea kupanda. Wazee wa huko wanasema mlima una mizimu ya mababu na hautakiwi kuchezewa, Wamang'anja, Walomwe na Wayao (haohao Wayao wa Tunduru na Masasi) wote wana sehemu zao za matambiko, na ni kwa ajili ya hayo pia UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia Julai 2025.

Hapa niongee la mierezi kidogo maana liliniuma. Mulanje una mwerezi wake ambao kiasili haupo mahali pengine duniani, ndo mti wa taifa wa Malawi, mbao zake zinanukia na mchwa haugusi. Ndo hivyohivyo ukakatwa. Njiani kuelekea kibanda cha Thuchila tulipita bonde ambalo jamaa anasema baba yake alikuwa anapita kwenye kivuli mchana kutwa, mimi nimepita na kofia, jua linapiga, visiki tu vya kijivu vimesimama. Miti mikubwa imeisha karibu yote. Wanavijiji wa chini wana vitalu, wanapandisha miche juu mgongoni na kuipanda, nimeiona imezungushiwa mawe, imenifika kwenye goti. Na kwenye tambarare ya Lichenya chini ya majani kuna boksaiti, madini ya kutengenezea alumini, ambayo kampuni zimekuwa zikiitolea macho miaka mingi, watu wanabishana. Maoni yangu mimi mgeni: mito inayonywesha yale mashamba ya chai na vile vijiji yote inatoka huko juu, ukichimba juu kiu inashuka chini.

Basi Sapitwa. Tulitoka Chisepo saa kumi na moja alfajiri, nyota zimejaa, jiwe limekauka mwezi mzima. Jamaa aliweka tena mkono wake kwenye bamba kama mara ile, safari hii akasema twende. Ni kama mlima mwingine kabisa wadau. Kiatu kinashika, mabamba yaleyale niliyoshuka kwa matako nayapanda nimesimama wima, pumzi tu ndo inasumbua. Pimbi walikuwa wanaota jua juu ya majabali wanatutazama, tukamwona na mbuzi mawe (swala mdogo wa kwenye miamba) mmoja amesimama kwenye ncha kwa kwato zake ndogo zile, akaruka akapotea. Tulipofika kwenye lile bamba la mara ya kwanza aliniuliza unalikumbuka? Nililikumbuka. Ule mchirizi mweusi ulikuwepo bado, umekauka, nikaona kwa mara ya kwanza kinachofuata chini yake: jiwe linainama, linaendelea kuinama, halafu linakatika. 2022 ukungu ulikuwa umepaziba nisione. Nikamshika mkono jamaa nikamwambia zikomo, asante, sikuweza kusema zaidi.

Saa tatu kasoro tulikuwa juu. Unaona Ziwa Chilwa limelala linang'aa, unaona Zomba, unaona Msumbiji inaenda mpaka macho yanachoka, na chini yako tambarare zote za mlima zenyewe na mito yake kama nyuzi. Tulikula karanga na mandasi (ndio, wao wanasema mandasi) tukakaa nusu saa, yeye akatazama mashariki akaona wingu moja dogo, akasema tushuke.

Kwa mwenye kwenda: Agosti mpaka Oktoba mwanzoni ndo wakati, Oktoba ikiendelea joto linakuwa kali na wanaanza kuogopa radi. Kuanzia Desemba mito inajaa, kuvuka ni hatari, usiende. Panga usiku tatu juu, sio mbili, ile ya tatu ndo ya kusubiri jiwe likauke. Glovu nyembamba za kushikia majabali zinasaidia, viganja vyangu vilichanika. Ukishuka Likhubula pitia kwenye yale mabwawa ya mto, Dziwe la Nkhalamba wanaliita, maji ya baridi mpaka meno yanauma na miguu inashukuru, halafu pale nje kuna mama anauza thobwa, ndo togwa yetu hiyohiyo, nilikunywa vikombe vitatu nimekaa kwenye jiwe na jamaa naye cha kwake, tukapanga Chambe, Agosti ijayo, kama litakuwa kavu.